Unga Mweusi wa Kichuguu cha Mama

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani, nawajibu kwamba natengeneza unga. Arua ni mji wa muhogo, kwa hiyo mazungumzo huishia hapo. Wananiuliza bei ya gunia na kinu changu kiko upande gani wa soko. Siwasahihishi. Zamani nilikuwa naeleza kila kitu, tena kwa furaha, mikono ikirukaruka. Mara ya mwisho nilipoeleza hivyo, mama yangu alipoteza nyumba.

Unga wenyewe ni mweusi, mwepesi, na umetokana na mabawa ya kumbikumbi. Ndiyo, hao hao tunaokaanga. Ndani ya bawa mna kitu kigumu, ndugu ya kile kilicho kwenye gamba la kamba wa baharini. Ukikisafisha na kukipika inavyotakiwa unapata ute unaokubali kushikana na chuma, na mwisho wake ni kile tunachokiita kichocheo. Nitasema kwa lugha ya nyumbani. Mshenga huleta koo mbili pamoja, zikaoana, naye akaondoka vilevile alivyokuja, tayari kwenda kuposa kwingine. Kichocheo ni hivyo hivyo: vitu viwili ndani ya chupa vinavyogoma kuungana, yeye anaviunganisha. Shida ni kumtoa kwenye sherehe. Vichocheo vingi huyeyuka humo humo, na kuvitoa unahitaji madawa makali yanayochoma kifua, kisha yanamwagwa mtaroni, wanakunywa ng'ombe wa watu. Changu kina chuma tumboni. Kazi ikiisha unaweka sumaku ubavuni mwa chupa, unga wote unakimbilia upande ule, unamimina kilichobaki, unausuuza, kesho unautumia tena. Maji, joto kidogo, basi. Wakubwa wanaita kemia ya kijani. Mimi ni mtu wa maabara tu katika chuo kimoja hapa Arua, na kijani ninachokijua zaidi ni cha pale Manibe, nyuma ya nyumba ya mama, yalikotoka mabawa ya kwanza.

Inabidi nieleze kichuguu kile, maana bila hicho hakuna kitakachoeleweka.

Baba yangu alikuwa askari. Alimpata mama Koboko, Mkakwa, akamleta kwao Manibe kwa Walugbara, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumbani kwetu tulikula, tukagombana na kusali kwa Kiswahili cha kambini. Baba alifariki nikiwa bado nasoma. Mama hakuzaa mtoto wa kiume. Alinizaa mimi peke yangu, na binti kwetu ni mpita njia. Kwa hiyo siku ya matanga swali lilikuwa moja, na kila mtu aliyekuwa amekaa pale alilijua hata kabla halijasemwa: huyu mwanamke wa Koboko abaki hapa kwa lipi?

Wazee wakasema abaki kwa kichuguu. Kwetu kichuguu kina mwenyewe. Unaweza kupita katikati ya shamba la mtu, ukavunja hindi lake ukacheka naye, lakini ukionekana umeinama kwenye kichuguu chake msimu wa kumbikumbi, umetafuta maneno ambayo wajukuu wako watayakuta. Kile cha baba kilikuwa hatua chache nyuma ya nyumba, kikubwa, chekundu, kilichotoa bila kukosa. Wazee wakaamua hivi: maadamu mjane anakitunza, anafyeka nyasi zake, anakifunika msimu ukifika, na anapeleka sahani ya kwanza kwa mdogo wa marehemu, kichuguu ni chake na nyumba iliyo kando yake ni yake, wala hakuna wa kumwambia rudi kwenu. Baba mdogo aliitikia kwa mdomo. Macho yake yalikuwa yanapima kiwanja.

Mama alikitunza. Nani alikitunza zaidi yake? Kumbikumbi wa kile kichuguu ni wale wa mchana, wanaotoka mvua ikikatika. Siku mvua ikichelewa, mama aliwadanganya: ananyunyiza maji juu ya kichuguu, anakaa chini, anagonga vijiti viwili juu ya kipande cha ubao, polepole kisha haraka, mpaka wale wadudu wanadhani kunanyesha na kuanza kutoka. Alikuwa na mkono wa kazi hiyo kuliko wenyeji. Wanawake wa Manibe walimtania kwamba Mkakwa amekuja kuwafundisha Walugbara kupiga kichuguu chao, naye akajibu kwamba hata mvua yao hawajui kuiiga. Kisha anapepeta kwa ungo, mabawa yanapeperuka uani kote, na sahani ya kwanza, imefunikwa kwa jani la mgomba, inakwenda kwa baba mdogo. Hata nikiwa na njaa ya kulia, sahani ya kwanza haikuguswa.

Sasa yale mabawa. Chuoni tulikuwa tunataka kutengeneza vichocheo vya sumaku, na wenzetu wa pwani na ng'ambo hutumia maganda ya kamba. Sisi bahari tunaisikia redioni. Mkuu wa maabara akaagiza ute uliokwisha tengenezwa. Tukasubiri, ukawa haufiki, na kila aliyeulizwa alisema uko njiani. Nikakumbuka uani kwa mama. Nikamwambia asiache upepo uchukue mabawa, ayaweke. Akaniuliza, "Wewe iko na kazi gani na takataka?" Nikamwambia ni ya masomo. Kwa mama yangu masomo yalikuwa kama dini. Hakuuliza mara mbili. Akaanza kuyajaza magunia na kuyapanga chini ya paa, upande wa nyuma, yasilowe.

Nilipoyapeleka maabara nikayaosha, nikayatia tindikali nyepesi, nikayachemsha kwenye magadi makali mpaka yakawa meupe laini kama ngozi ya kidonda kilichopona. Nikayayeyusha kwa siki. Nikatia chumvi za chuma, kisha amonia, na pale pale, mbele ya macho yangu, kitu kikawa cheusi ti. Nilichukua sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio, nikaisogeza kwenye chupa. Kile cheusi kikahamia upande wa sumaku, na maji yakabaki safi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Tulipoutia ule unga kwenye kazi, ulifanya. Tukautoa, tukausuuza, tukautia tena, ukafanya tena. Kwa mara ya kwanza nilijisikia kwamba kuna kitu cha kwetu ambacho mtu hawezi kutuambia kiko njiani.

Huko Manibe watu wakawa na hadithi nyingine. Mabawa hayawekwi. Tangu dunia iwe dunia mabawa huenda na upepo, na mwanamke anayeyaweka ndani ya gunia, tena mgeni, tena mjane, anayawekea nini? Mtoto wa jirani akaugua tumbo. Kuku wa mwingine wakafa. Ndipo neno likaanza kuzunguka kisimani, na wewe unajua neno gani. Mama alinipigia simu, sauti yake ndogo. "Wanasema mimi iko mchawi," akasema. "Wewe njoo onyesha hawa watu hii kitu iko nini. Mimi hapana jua kueleza."

Nikaenda. Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wamevaa vizuri, nikasimama uani na chupa yangu, maji, kijiko kimoja cha unga mweusi na ile sumaku ya spika. Nikawaambia: mabawa mnayoyaona kwenye gunia, nayapika chuoni, yanakuwa hivi. Nikautia unga majini, nikatikisa, maji yakawa kama wino. Nikaweka sumaku. Unga ukakimbia. Watu wakasogea, wakasema mm, mm, wakaomba nirudie. Nikarudia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na uso wake umekunjuka, mara yangu ya kwanza kuuona hivyo tangu baba afariki. Na kweli, uchawi uliishia pale. Hakuna aliyelitamka neno hilo tena.

Baba mdogo tu ndiye ambaye hakusema mm. Alikuwa ameinama, anaangalia ule unga ulivyong'ang'ania kioo. Lazima niseme kwamba miaka mingi alikuwa Kongo akichimba dhahabu. Huko mchimbaji akiuosha mchanga, chini ya karai hubaki mchanga mweusi mzito. Huupitishia sumaku, ule mweusi unashika sumaku, na dhahabu inabaki. Kila mchimbaji anajua kwamba penye mchanga mweusi, dhahabu haiko mbali. Na anajua jambo jingine: mchwa hupandisha juu udongo wa chini kabisa, kwa hiyo wenye akili huanza kwa kupima udongo wa kichuguu. Baba mdogo hakuwa mjinga. Laiti angekuwa mjinga. Mjinga angeona uchawi, akaogopa, akakaa mbali.

"Hii iko natoka kwa kichuguu ya kaka yangu?" akauliza.

"Mabawa ndiyo yametoka huko, baba mdogo. Chuma nimekiweka mwenyewe."

"Umeweka?"

"Nimekiweka. Chuma kimetoka dukani, chuoni tunanunua."

Akanyooka, akawageukia wanaume wenzake. "Mutu ananunua chuma dukani, anakuja kuweka kwa mabawa ya mududu. Kwa nini?"

Wakacheka. Ni swali zuri, nakubali, hata wakubwa wangu wa chuo wamewahi kuniuliza kwa maneno mengine. Nikaanza kueleza: mshenga, sherehe, maji safi, madawa makali. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemwacha mtoto amalize uongo wake. "Mutoto wa kaka yangu amesoma," akasema mwishoni. "Mutu ya kusoma anajua kuficha." Nikamwambia sifichi kitu, kama ni dhahabu ningekuwa navaa viatu hivi? Akaviangalia viatu vyangu, na hata hivyo viatu akaona nimevichagua ili nimdanganye.

Usilolijua ni kama usiku wa giza, wahenga walisema. Hawakusema kuhusu mtu anayejua nusu, tena nusu nzuri.

Mama alilinusa jambo. Jioni ile ile, tukiwa tunaosha vyombo, aliniambia shemeji yake hakuiaga nyumba alipoondoka. Alizunguka nyuma, akasimama kwenye kichuguu, akagonga ardhi kwa kisigino. "Kesho mimi napeleka yeye sahani," akasema, ingawa msimu ulikuwa umekwisha na sahani yenyewe ingekuwa ya kumbikumbi wakavu. Akaipeleka. Mke wa baba mdogo aliipokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Haikupita muda, kukawa na msiba Koboko, upande wa mama. Msiba haukatazwi. Nilimpeleka mwenyewe, tukalala huko matangani, tukarudi. Kutoka barabarani hadi nyumbani ni mwendo mfupi, na kwa kawaida kichuguu unakiona kabla ya nyumba, kwa sababu kilikuwa kirefu kuliko mapaa. Siku hiyo tuliiona nyumba kwanza. Mama akasimama njiani na mkoba wake, kisha akaanza kutembea haraka, akiburuta mguu wake mmoja ulio mbovu.

Palikuwa na shimo. Si shimo la mtu mmoja, waliitana. Udongo mwekundu umetupwa kila upande mpaka kwenye kuta za nyumba, na vile vyumba vya mchwa vilivyo kama sega, vyenye ukungu mweupe ndani, vimelala juani vikikauka. Kuku wa kijiji kizima walikuwa pale wakila kwa raha zao. Mama alishuka kidogo kwenye shimo akashikilia mzizi, akainama, akaokota kitu, akakiweka kiganjani. Alikuwa malkia, mnene, mweupe, amekatwa na koleo. Mama alimwangalia, akamrudisha chini, akamfunika kwa udongo kwa mkono.

Baba mdogo alikuwa amekaa ukingoni, amechafuka, na amekasirika. Hicho ndicho kinachonichoma hadi leo: alikuwa amekasirika yeye.

"Hakuna kitu," akasema. "Mumeshatoa yote na hiyo mabawa yenu."

"Shemeji," mama akasema, "umeua kichuguu."

"Si mimi nimeanza. Uliza mutoto wako."

Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake mdogo, na sitayarudia hapa, si kwa aibu bali kwa kuwa hayakusaidia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua hivyo tangu matanga ya baba, na kujua hakukuzuia koleo hata moja.

Kikao kiliitwa. Mama alivaa kitambaa chake cha Eid, cha dini ya kwao Koboko, akakaa, akasema kwa Kiswahili chake taratibu kwamba amekitunza kama alivyoambiwa, amepeleka sahani kama alivyoambiwa, na kwamba aliyevunja si yeye. Wazee walisikitika. Kusikitika wanajua. Mmoja wao, mtu wa haki tu, si mbaya, akamwuliza, "Kichuguu yako iko wapi sasa?" Mama akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba. Mzee akasema, "Hiyo ni shimo, mama." Basi. Neno lilikuwa limefungwa kwa kichuguu, na kichuguu hakipo. Baba mdogo alipigwa faini ya mbuzi kwa kuharibu mali ya marehemu kaka yake, mbuzi akachinjwa, wakamla wote pamoja naye. Kisha ikaonekana kwamba kijana wake anataka kuoa na hana mahali, na pale pana nyumba tayari.

Udongo haukupotea. Udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa matofali, haupasuki. Baba mdogo alifyatua, akachoma tanuri, akajenga vyumba vya kupangisha upande wa Onduparaka, karibu na uwanja wa mpira. Siku za mechi vijana wanaegemea ule ukuta wakipiga kelele, na mimi nikipita nakwenda kazini nauona, umesimama vizuri, umenyooka. Ningependa uwe umepinda.

Wako wanaosema kosa ni langu, kwamba elimu bila hekima na kadhalika na kadhalika. Sikubali. Nilikwenda kumtetea mama yangu asiitwe mchawi, na kila nilichosema kilikuwa kweli. Aliyeshika koleo ana jina, ana vyumba vya kupangisha, na Jumapili anakaa kiti cha mbele.

Chuoni nilimweleza mkuu wa maabara. Alinipa pole, ya moyoni kabisa, kisha akauliza kama mabawa tutapata kwingine. Tukapata. Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi, wanawake wa Sudan Kusini na wenyeji wanapepeta magunia kwa magunia, na mabawa walikuwa wakiyafagia tu. Yakaja, nikayaosha, nikayapika, yakawa meusi, yakakimbilia sumaku. Unga wa Omugo hauna tofauti hata ya nywele na ule wa Manibe. Wageni kutoka Kampala walikuja kuuona, wakapiga makofi, wakapiga picha chupa na sumaku, wakasema tazama, unarudi kila mara kama mpya. Nilikuwa nimesimama pale na koti langu jeupe. Kumbe kazi haikuwa imekihitaji kile kichuguu. Chochote kingefaa. Katika watu wote, aliyekihitaji kile na si kingine alikuwa mama peke yake.

Sasa yuko Koboko, kwa kaka yake, katika chumba cha pembeni. Hawamtesi. Mjomba ni mtu mwema na mke wa mwanawe anamsalimia kwa kupiga goti. Msimu uliopita nilikwenda kumwona siku kumbikumbi walipotoka. Kichuguu cha kule ni cha mjomba, na vijana walikuwa wakigonga vijiti vibaya, bila mpangilio, kama wanaopigia debe abiria. Mama alikaa kwenye kibaraza. Vidole vyake vilikuwa vinagonga goti lake taratibu, kisha haraka, jinsi inavyotakiwa. Hakuna aliyemwita. Walipokaanga, sahani ya kwanza aliletewa yeye, imefunikwa vizuri, kwa sababu mgeni hupewa kwanza. Alishukuru, akala kidogo, akasema amekwisha shiba.

Nilipokuwa naaga alinifuata hadi barabarani na mfuko wa plastiki, mwepesi, umefungwa mdomo kwa uzi.

"Ya kazi yako," akasema. "Hapana ogopa, mimi nimeomba. Mwenye nyumba amekubali."

Nikamwuliza ameomba nini.

"Mabawa."

Mabawa ambayo upepo huyachukua bila kumwuliza mtu. Mama yangu alikuwa ameingia jikoni kwa mke wa mtoto wa kaka yake, akasimama mlangoni, akaomba ruhusa ya kuokota takataka. Sikumwambia kwamba maabara ina magunia ya Omugo hadi darini. Niliupokea mfuko kwa mikono miwili, nikasema asante mama, nikaupakata hadi Arua.